Mpasua Mbao na Kinanda cha Mkewe

Wapendwa, leo nawaomba tukae kidogo na mtu mmoja. Alikuwa mpasua mbao. Ujana wake wote ulimwishia shimoni, chini ya gogo, yeye akivuta msumeno upande wa chini na mwenzake upande wa juu, unga wa mbao ukimwagikia kichwani. Mikono yake ilikuwa migumu kama magome. Na mkewe alikuwa mpigaji wa kinanda wa kanisa lao.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha zamani, kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate pumzi. Usipokanyaga, hakisemi. Mama yule alikipiga Jumapili, alikipiga harusini, na zaidi ya yote alikipiga misibani. Akifa mzee, anaitwa. Akifa mtoto mchanga, anaitwa. Anajifuta unga mikononi, anakwenda, anakaa, anawasindikiza watu wa Mungu kwa wimbo. Mumewe alizoea kukaa benchi la nyuma, hivyo aliufahamu mgongo wa mkewe kuliko vidole vyake juu ya kinanda.

Kisha mama yule akaugua, akafa. Siku ya kumzika, jeneza likawekwa mbele ya madhabahu, mchungaji akataja wimbo, watu wakasimama. Wakangoja. Walikuwa wamezoea kungoja kinanda kianze. Hakuna aliyefikiri mapema kwamba mpigaji wa misiba yote ndiye aliyelala ndani ya jeneza. Mwishowe bibi mmoja akaanzisha kwa sauti yake, juu mno, na wengine wakamfuata kwa kukwama.

Watu waliusahau ule ukimya walipofika kaburini. Mume alirudi na ukimya ule nyumbani. Ninyi mliozika, hamlijui jambo hili? Mtu anabaki na kitu kimoja kidogo cha siku ile, na hicho kidogo ndicho kinachokataa kuzikwa.

Kwa desturi ya kwao, kaburi huachwa na udongo wake mpaka mwaka ugeuke. Ndipo ndugu hukutana kanisani kwa ibada, na kutoka hapo huenda kusimika msalaba. Mpasua mbao akasema moyoni kwamba siku ya msalaba mkewe hatasindikizwa kwa ukimya tena. Atampigia yeye mwenyewe. Wimbo mmoja tu, ule alioupenda marehemu. Akaenda kwa wazee wa kanisa kuomba ufunguo. Wazee wakatazamana, maana usharika wa jirani ulikuwa na mpigaji lakini hauna chombo, na watu wa huko walikuwa wamekwisha kukiomba kinanda kile. Hata hivyo wazee walimwonea huruma, wakampa ufunguo, wakasema wataona atakavyoendelea.

Basi kila alasiri, akitoka shimoni, alinawa mikono akaenda. Nota hakuzijua. Mwalimu hakuwa naye. Aliuimba wimbo kwa sauti ndogo, kisha akabonyeza kitufe kimoja kimoja mpaka kimoja kikubaliane na koo lake. Akiipata sauti ya kwanza, anaitafuta ya pili. Akiipata ya pili, ya kwanza imekwisha kumpotea. Akivikumbuka vidole, anaisahau miguu, na kinanda kinakata roho katikati ya mstari.

Watu hawakumwacha kwa amani. Wanakwaya waliofika kwa mazoezi walikuwa wakiulizana mlangoni kama leo tena msumeno umeingia kanisani. Kinamama waliofagia walimshauri kwa upole apumzike, kwa kuwa hata marehemu amekwisha kupumzika. Mwalimu wa kwaya, mtu aliyejifunza muziki chuoni, alisimama siku moja karibu yake, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baba," akasema, "kinanda hakipasuliwi. Kinabembelezwa."

"Nami nakibembeleza, mwalimu. Huko shimoni ndivyo tunavyobembeleza."

Waliokuwapo wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini njiani kurudi nyumbani hakucheka. Alijua kwamba mwalimu hakumwonea, kwamba ule haukuwa muziki. Alilala nalo lile neno, akaamka nalo, na alasiri akarudi kukaa pale pale. Kwa nini? Kwa sababu yeye hakuwa akitafuta kusifiwa. Alikuwa na deni la wimbo, na deni la namna hiyo mtu hasamehewi na wanaocheka.

Sasa, alikuwako mtu mwingine katika habari hii: mama mkwe wake. Tangu msiba, bibi huyo alikuwa akiishi na binti yake mdogo katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Kwa watu wale, mkwe na mama mkwe huheshimiana sana. Hawapeani mikono. Hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha majanini. Neno likiwapo, hupitishwa kwa mtu wa tatu. Si chuki, ndiyo heshima yao. Hata msibani walilia kila mmoja upande wake.

Ikafika alasiri moja, vidole vikapatana na miguu. Hata yeye hakujua ilivyotokea. Wimbo ukatoka mwanzo mpaka mwisho, ukikawia kidogo mwisho wa kila mstari, kama mkewe alivyokuwa akikawia ili wazee wapate kuvuta pumzi. Akaogopa kusogea. Akarudia, nao ukatoka tena. Kabla hajamaliza, mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia shemeji yake, yule binti mdogo, macho yake yakitazama chini.

"Shemeji, mama anasema uache. Anasema hawezi kukusikiliza tena."

Hakuongeza neno, maana hakutumwa kuongeza. Akatoka.

Wapendwa, kicheko cha wanakwaya alikivumilia. Neno la mwalimu wa kwaya alilivumilia. Lakini huyu ndiye aliyemzaa marehemu. Nani angejua kuliko yeye jinsi mwanawe alivyopiga? Ikiwa hata yeye hawezi kusikiliza, basi kazi hii yote ni kumdhihaki aliyekufa. Ndivyo alivyoelewa. Na angemuuliza nani? Mama mkwe haulizwi. Akakifunika kinanda kwa kitambaa ambacho mkewe alikishona, akafunga, akapeleka ufunguo kwa wazee kabla jua halijazama. Walipomuuliza, alisema tu kwamba imetosha. Haukupita muda mrefu, gari likaja kutoka usharika wa jirani, likakichukua.

Mwaka ukageuka. Siku ya msalaba, mchungaji akataja wimbo, watu wakasimama, na bibi yule yule wa siku ya maziko akaanzisha, juu mno. Wakaenda makaburini wakausimika msalaba. Watu walipoondoka kwenda kula, mpasua mbao akabaki nyuma akishindilia udongo. Akasikia nyayo. Kugeuka, ni mama mkwe. Akainamisha macho, akaanza kupisha kama desturi ilivyo.

"Simama, baba," bibi akasema. "Leo nitasema nawe kwa kinywa changu. Mwanangu umemaliza kumlilia upesi hivi? Hata kinanda chake umekiacha kiende?"

"Mama, si wewe uliyetuma niambiwe niache?"

Bibi akaketi pale pale chini, kando ya kaburi, mbele ya mkwe wake.

"Kila siku nilikuwa nakaa chini ya lile dirisha," akasema. "Ulipokuwa ukikosea nilisema, huyo ni mkwe wangu, anahangaika kwa ajili ya mwanangu, Mungu amsaidie. Siku hizo nilikuwa napata hata usingizi. Siku ile hukukosea. Nikamsikia mwanangu yumo ndani. Nikainuka niingie nimwone, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba nilimzika. Nikasema aache. Sikuweza, baba. Siku ile sikuweza."

"Nami nilidhani nimekuudhi."

"Kesho yake nilikaa tena pale pale. Na siku iliyofuata. Nikakungoja."

Mpasua mbao akaweka vidole vyake juu ya mkono wa msalaba, kama mtu anayetafuta sauti ya kwanza. Akavisogeza kimoja, kingine. Havikukumbuka. Bibi alipoona hivyo, akaanza kuuimba wimbo ule polepole ili amwongoze, na katika mstari wa pili sauti yake ikakatika.

Sasa niwaulize, ni nani aliyekinyamazisha kinanda kile? Ni wale wacheshi wa kwaya? Ni mwalimu na chuo chake? Hao walisema mengi, na mtu wetu aliendelea kupiga. Aliyemnyamazisha ni yule aliyempenda. Mama yule alikuwa na maneno mengi mema chini ya dirisha lile, alasiri baada ya alasiri, na hakutuma hata moja. Siku uchungu ulipomshinda alituma moja, na hilo ndilo lililofika.

Sisi ndivyo tulivyo. Tunampenda mtu kimya kimya, tunamkataza kwa mjumbe. Mtoto anajifunza, mke anajaribu, jirani anahangaika na kazi asiyoiweza bado, nasi tunamsikia kila siku, moyoni tunamwombea, na hajui. Anajua tu ile siku tuliyosema aache.

Nawe uliyeambiwa uache, ukafunika, ukarudisha ufunguo, nakuhurumia. Lakini ulimuuliza aliyekuambia? Huenda neno lile lilitoka kwa mtu aliyevunjika, wala halikuwa hukumu juu ya kazi yako. Heshima ni njema, ndugu zangu, wazee wetu hawakukosea kutufundisha. Ila heshima ikiwafanya wafiwa wawili walie kila mmoja upande wake wa ukuta, tumeiweka mahali pasipo pake. Bwana wetu alipofiwa na rafiki yake hakutuma mjumbe. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, akauliza wamemlaza wapi, akalia mbele ya watu wote.

Yuko mtu ambaye umekuwa ukimsikiliza muda mrefu bila yeye kujua. Leo ukitoka hapa, usimtume mtu kwake. Nenda mwenyewe, angali hai, ukamwambie kwamba ulikuwa unamsikia.