Gari Lililonyamaza Mbele ya Wakwe

Sogeeni karibu, wanangu, mnisaidie kuamua jambo. Mzee Bakathiri alikuwa na watoto wanne. Kidawa alikuwa na sikio jepesi, Shehe mikono isiyochoka, na Fumo alijua kupamba kila alichokigusa. Wa nne, Zena, ndiye aliyekuwa akiolewa siku hiyo.

Mzee alikuwa ameahidi kumpeleka Zena kwa mumewe katika gari lake kuukuu alilolinunua ujanani. Bibi harusi akaingia, wakwe wakakusanyika kutazama. Mzee akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Stata haikutoa hata mlio.

“Mkwe, gari lenu limeona haya,” akasema mmoja wa wakwe, na watu wakacheka.

Mzee aliinamia usukani. Palepale, mbele ya wote, akamlaumu jirani aliyemwazima betri kwamba amempa mbovu. Kisha akasema kwa sauti ndogo iliyowafikia hata wakwe, “Leo sistahili kuendesha. Atakayenivua aibu hii ndiye atakayemwendesha dada yake.”

Kidawa, akiwa amevaa hariri yake, akainama kwenye boneti kusikiliza, huku wanawake wakinong'ona kwamba hana haya. Akaomba taa ziwashwe na honi ipigwe: ikalia kwa nguvu. Ufunguo ulipozungushwa, taa hazikufifia kama zifanyavyo betri ikiwa dhaifu. Akasema betri ni nzima, umeme unakwama njiani. Mzee akamwomba jirani radhi bila kuthubutu kumtazama usoni.

Fumo alikuwa amejificha nyuma ya watu. Akajitokeza polepole.

“Baba, ni mimi. Nilipolipamba gari, niliufungua ule waya mnene unaounganisha injini na bodi, nikapaka rangi hadi chini yake, nikaukaza tena. Nilitaka papendeze.”

Umeme wa stata hupitia waya ule, na umeme haupiti kwenye rangi, wanangu. Na waya ule ulikuwa umekazwa vizuri. Nani mwingine angewaza kuufungua?

Shehe alikuwa na kanzu mpya, nyeupe. Akalala chini ya gari, akafungua waya, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akaukaza tena. Alipotoka, kanzu imejaa oili, wakwe walisogea asije akawachafua.

Mzee akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

Akashuka, akauacha mlango wazi. Hakuna aliyesogea. Kidawa akasema Fumo ndiye anayestahili. Fumo akatikisa kichwa: aliyeileta aibu atazawadiwaje kwa kuiondoa? Shehe akaitazama kanzu yake, akarudi nyuma. Zena alikuwa akingoja, na wakwe walikuwa wameisikia ahadi.

Je, wewe ungemkabidhi nani usukani?