Mama, Maji Yamechemka

Leo tuingie jikoni kidogo. Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma mnaochungulia simu, ziwekeni chini, maana haya ni ya kwenu pia.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, na binti yake wa miaka kumi na mitatu, na wadogo wawili wa kumfuata. Mama huyu alitaka binti ajue kupika, simsingizii. Kila jioni alimwita jikoni. Binti atawasha moto, atachambua mboga, atakata nyanya, atabandika maji ya ugali. Yakitokota anaita, "Mama, maji yamechemka." Hapo mama anafika, ananyoosha mkono, anapewa mwiko. Kuanzia hapo binti ni mtazamaji.

Msimwone mama mkatili. Unga ule ulikuwa wa kupima kwa kikombe, na ugali ukiharibika watoto wanalala njaa. Aliogopa tu. Nani hapa hajawahi kuogopa hivyo?

Siku moja binti akajikaza. "Mama, leo niache nisonge mwenyewe."

"Utulishe madonge? Utasonga ukiwa kwako. Lete hapa."

Akaleta, na hakuomba tena. Kiswahili chetu nacho kina mambo. Mwiko ni kile cha kusongea ugali, na mwiko ni kitu ulichokatazwa kugusa. Katika nyumba ile maana zote mbili zikawa kitu kimoja.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja mama akaanguka uani akifua. Kiharusi. Mkono wa kuume ukafa, mdomo ukaenda upande. Akarudishwa kutoka hospitali akiwa mtu wa kulishwa na kugeuzwa. Wiki ya kwanza majirani walileta chakula, wiki ya pili walileta pole, wiki ya tatu kila mtu akawa na mambo yake. Mnajijua.

Jioni ikafika wadogo wanalia njaa. Unga upo, kuni zipo. Binti akawasha moto vizuri kabisa, akabandika maji, yakatokota. Mama kule kitandani akatega sikio, akingoja mwiko ugonge sufuria. Hakusikia mwiko. Alisikia nyayo. Binti alikuja akasimama kando ya kitanda, akamnyooshea mwiko.

"Mama, maji yamechemka."

Mtasema, si angejaribu tu? Mkono ulionyang'anywa kila jioni haujui kujaribu. Mama akataka kuinua wake, haukuinuka. Binti akamfungua vidole, akamshikisha mwiko, ukaanguka sakafuni. Ndipo mama akalia. Wala hakuwa akiulilia mkono, jamani.

Naona akina mama mmeinama. Inueni vichwa, siwasemi peke yenu. Ni sisi sote. Watoto wetu wanajua kufagia kanisa hili, kupanga viti, kupiga makofi. Tumewafundisha mpaka maji kuchemka. Ikifika kuomba tunasema lete hapa. Akiugua mtu nyumbani, baba ndiye anaomba. Ukiingia msiba, anatafutwa mzee. Mtoto akithubutu akachanganya maneno, tunamkatiza na kumalizia wenyewe. Na mimi ninayewasema, huu ni mwaka wa kumi na tisa nasimama hapa, na hakuna kijana hata mmoja niliyemwachia ibada nzima. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyo.

Wewe, umewahi kumsikia mwanao akiomba? Sauti yake ya kuomba unaijua?

Basi jioni hii, chakula kikishatengwa, mwambieni mdogo kuliko wote aombe. Atakosea. Atasahau chakula, atamwombea mbuzi. Nyamaza, halafu sema amina. Kwa sababu siku inakuja, utakuwa umelala, na safari hii wa kuombewa ni wewe. Mtoto wako atasimama kando ya kitanda, mikono ameshaifumba, anakutazama, anangoja uanze. Na mdomo wako utakuwa umekwenda upande.