Sharbati Iliyoyeyuka Malangoni

Amesimulia aliyesikia kwa waliokuwapo, na Mola ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba mji wa Qasiriya ulitawaliwa na Sultani Ghiyathi bin Mardani, mfalme mpole, mwenye majeshi na hazina na bustani za chemchemi, naye pamoja na enzi yote hiyo hakupata hata siku moja kula wali wa moto. Kwani babu yake aliweka sheria kwamba chakula kilicho tayari kisimfikie mtu wa nyumba ya kifalme mpaka kionjwe na mwonjaji, na kinuswe na tabibu, na kiandikwe na karani, na kipigwe muhuri na Mkuu wa Malango. Na mabwana hao walikuwa waangalifu mno, wala hawakupenda kuharakishwa. Basi katika qasri ile cha moto kilifika baridi na cha baridi kilifika moto, na watu wakazoea, wakadhani ndiyo ladha ya ufalme.

Sultani alikuwa na binti mmoja, Badiatu, nuru ya macho yake. Kiangazi kimoja binti akashikwa na homa, koo likavimba likakataa uji, likakataa mchuzi, likakataa hata maziwa, na matabibu wakamwambia baba yake: "Bwana wetu, asipomeza kitu kabla mwezi haujaandama, tutamkosa."

Habari zikamfika muuza matunda mmoja aitwaye Tawfiki, akaketi kati ya makapu yake akalia. Kwani zamani shehena yake ya makomamanga ilizuiliwa forodhani ikimngoja karani aliyekwenda kuoa, na karani akanogewa na fungate, na matunda yakaanza kuchacha. Ndipo Badiatu alipopita, akauliza harufu ile ni ya nini, akaamuru makapu yatolewe saa ile ile. Tangu hapo Tawfiki alitamani kumshukuru, asijue shukrani hupelekwa kwa mlango upi.

Akaenda sokoni akanunua chungu cha shaba, kuukuu, mfuniko umeng'ang'ania, amtengenezee mgonjwa japo maji ya matunda. Alipoubandua mfuniko nyumbani kwake ukatoka ukungu mweupe, na ndani ya ukungu jinni mwenye ndevu za theluji na pua nyekundu.

"Labeka, bwana wangu! Mimi ni Zamhariri, jinni wa baridi. Nilifungwa humu kwa kugandisha wino wa waziri siku ya kutia saini kodi mpya."

"Makusudi?"

"Nilipiga chafya tu. Lakini raia walinishukuru sana. Sasa sema, nikuletee lulu? Nikujengee qasri?"

"Niletee barafu," akasema Tawfiki.

Machozi yakamtoka jinni, yakaanguka chini yakilia kama shanga. "Tangu kuumbwa kwangu," akasema, "hakuna aliyeniomba kitu ninachokiweza."

Wakaingia jikoni. Tawfiki akakamua makomamanga akatia sukari, na Zamhariri akapuliza mara moja kwa moyo wote, na sharbati ikawa jiwe. Kijiko kilipoigusa kikapinda.

"Punguza, ndugu yangu!"

"Kugandisha najua. Kugandisha kidogo sikufundishwa."

Basi wakajaribu kwa njia ya binadamu. Tawfiki akaongeza sukari mpaka yai bichi lililooshwa likaelea na kuchungulia juu kiasi cha upana wa ukucha, kwani sukari ikipungua huganda jiwe na ikizidi haigandi kabisa. Akakiweka chungu ndani ya beseni, akakizungushia barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, akakizungusha kwa mkono, huku akikwangua kando kwa mwiko. Mkono ukafa ganzi, na jinni akimtia moyo: "Zungusha, bwana, baridi ni yangu na jasho ni lako!" Ndipo ikatokea ndani ya chungu sharbati nyekundu, laini, yenye chembe ndogo zinazoyeyuka ulimini kabla mtu hajasema alhamdulillahi.

Akaibeba mbio mpaka qasri. Mwonjaji akaonja, akaonja tena kwa uhakika zaidi. Tabibu akanusa. Karani akachonga kalamu. Mkuu wa Malango, Bwana Mudabiri, mtu mnene wa kilemba na wa maneno, akatafuta muhuri. Badiatu alipofikiwa, bakuli lilikuwa na maji vuguvugu, naye akageukia ukutani.

Siku ya pili Zamhariri alisindikiza bakuli akilipuliza njia nzima, na mwonjaji akavunjika jino. Bwana Mudabiri akatoa macho. "Wewe muuza ndimu! Ukileta chakula kingine hapa, utakionjea gerezani!"

Na mwezi ulikuwa umebaki uzi. Tawfiki akarudi akaketi mbele ya chungu kitupu, na kwa kukitazama kitupu akapata shauri.

Kulipokucha akafika langoni na mkokoteni.

"Nimekwambia nini kuhusu chakula?" akanguruma Bwana Mudabiri.

"Chakula kiko wapi, bwana wangu? Hili ni beseni. Hii chumvi ya mawe, nani ataila? Hii ni barafu."

"Na hicho kibuyu?"

"Maji ya komamanga. Onja."

Mwonjaji akaonja kwa upande wenye meno, na wote wakatimiza wajibu wao, na maji hayakudhurika kwa kungoja.

"Na ukiviweka pamoja vinakuwa nini?"

"Sharbati, inshallah."

"Basi ionjwe!"

"Haipo bado, bwana wangu."

Bwana Mudabiri akafungua kitabu cha sheria, akakifunga, akakifungua tena. Kuhusu kuonja kitu ambacho bado hakijakuwapo, babu wa Sultani hakuacha neno. "Pita," akasema kwa uchungu, "lakini kikishakuwa, niitwe."

Chumbani Tawfiki akasujudu nyuma ya pazia, akaanza kuzungusha, na jinni amejikunja ndani ya barafu kama paka. Barafu ikasaga beseni, krr, krr, na Badiatu, ambaye hakuwa amegeuka tangu juzi, akageuka.

"Yaya," akanong'ona, "nani anasaga mawe chumbani mwangu?"

"Muuza matunda, bibi. Anasema ana shukrani."

"Na shukrani zake ndizo zenye kelele hivi?"

Yaya akacheka, akalia. Akafungua pazia, akachota kwa mwiko papo kwa papo, akamtia binti mdomoni. Koo lililokataa vyote likapoa, likafunguka, likameza. Badiatu akafumba macho. "Tena," akasema.

Mabwana wa malango walipofika na vijiko vyao, yeye alikuwa anakwangua chungu.

"Mmechelewa," akawaambia. "Nimeonja mwenyewe. Andikeni kwamba ni salama."

Homa ikashuka. Sultani akamkumbatia Tawfiki mbele ya baraza, akasema: "Nimepewa mtoto wangu mara ya pili, nami sina cha kulinganisha." Akampa bustani za makomamanga, na Badiatu alipopona akaulizwa, akaridhia, wakaoana, na siku ya harusi Sultani akaingia jikoni mwenyewe, akala wali kutoka sufuriani, ukamuunguza ulimi, akamshukuru Mola. Zamhariri akaachwa huru, akakataa kuondoka, akisema kazi yenye asante haitupwi.

Na faida ya hekaya hii kwa mwenye kuisoma ni kwamba mtu aliyekutendea wema umpelekee shukrani kwa mkono wako, ingali mbichi, hata kama itakubidi uitengeneze mbele yake na kumpigia kelele.