Pua ya Mwinyi Shaame

Pakacha la karafuu lilipotea ghalani, na Mwinyi Shaame, mwenye shamba, akawapanga mbele ya sheha wanawake wote wanaomchambulia karafuu.

"Anayenukia karafuu mikononi ndiye mwizi, aende kituoni!" alifoka. "Mimi tangu nizaliwe sijaigusa!"

"Haki kabisa, bwana," alisema Bi Mize, mchambuaji wa siku nyingi. "Ila harufu haitoki vizuri mpaka ufikiche. Tufikiche viganja wewe mwenyewe, tena kwa nguvu."

Mwinyi akafikicha na kunusa viganja vya wanawake kumi na wawili mpaka jasho likamtiririka.

"Wezi watupu! Sheha, wachukue!"

"Twende," alisema Bi Mize. "Lakini sheha, anza na anayenukia kutushinda sote. Hebu mnuse bwana mikono."

Sheha akanusa, akapiga chafya mbili.

"Mwinyi, tangulia."