Waya Mfupi Haufiki Taa

Waya mfupi haufiki taa. Leo mmemsikia fundi mkuu akiwaambia hivyo vijana waliokuja kuomba kazi, mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Mafinga.

Palikuwa na binti akiitwa Sikudhani Kihwele. Alipomaliza kidato cha nne baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na urithi wao yeye na mama yake ulikuwa kipande cha shamba la misonobari. Mama aliiuza miti ile milioni moja na laki tano. Hela hiyo haikuwa na ndugu; msonobari ukipandwa leo, utaungoja miaka kumi na zaidi.

Sikudhani alitaka kuwa fundi umeme. Shida ilikuwa asome wapi. Karibu na stendi palikuwa na darasa la miezi mitatu, ada laki tatu na nusu, unaondoka na cheti. Kulikuwa na chuo cha miaka miwili, milioni moja na laki mbili kwa miaka yote pamoja na bweni, na mwishoni mtihani wa taifa, ambao usipoufaulu hupati leseni ya fundi umeme. Tena kulikuwa na chuo cha ghorofa chenye vioo vitupu, ambacho ada yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Baba yake mdogo, Ezekia, dereva wa lori la mbao, hakuona cha kujadili. "Umeme ni umeme," alisema. "Miezi mitatu mtoto anaanza kuingiza. Zitakazobaki tunanunua pikipiki ya mtumba."

Hayakuwa maneno ya kijinga, na Sikudhani alilijua hilo. Akaamua kuuliza. Hakwenda kuviuliza vyuo, maana muuza maziwa hasemi yamechacha. Aliwaendea waliokwisha kusoma, kwa miguu, wiki mbili nzima.

Alianza na jirani yao Gadi, aliyepita darasa la miezi mitatu.

"Kaka Gadi, nyumba ya vyumba vitatu unalipwa ngapi?"

"Laki moja. Lakini sina leseni, siruhusiwi kutia sahihi fomu ya kuombea umeme. Namwendea mwenye leseni, anachukua nusu."

"Na viwandani?"

Gadi akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Viwandani mimi naishia getini, mdogo wangu. Na si kwamba sijui kazi."

Kisha akamtafuta dada mmoja aliyehitimu kwenye kile chuo cha vioo. Dada yule alimwonyesha cheti chake cha mtihani wa taifa. Sikudhani alikigeuza huku na huku. Kilikuwa sawasawa na cha waliosoma chuo cha miaka miwili. Kumbe vioo havimo kwenye cheti, akawaza.

Jumapili moja baada ya ibada, Ezekia alikuja kumvutia shemeji yake taa ya jikoni, jiko lililokuwa nje ya nyumba. Alikuwa amenunua kipande cha waya kilichobaki dukani, kwa bei ya kutupa. Alipanda kigoda, akavuta. Ncha ya waya ikabaki ikining'inia, mkono mzima kabla ya kufika kwenye taa. Akavuta tena mpaka msumari ukang'oka ukutani. Mama akaangua kicheko.

Sikudhani hakucheka. "Baba mdogo, waya huo umekuokolea shilingi ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na taa imewaka?"

Ezekia akashuka kigodani.

"Darasa la miezi mitatu si baya, Baba mdogo. Ni fupi. Kaka Gadi anajua kazi, ila hajafika kwenye leseni, na hela iko huko. Waya mfupi haufiki taa. Nimepiga hesabu hata ya muda nitakaokaa bila kuingiza senti. Nitaanza nyuma yake sana. Lakini miaka miwili ya leseni itanitosha kumpita."

"Na mtihani ukikushinda?"

"Ukinishinda, nitakuwa nimeipoteza miti ya baba. Nalijua hilo. Naomba niujaribu."

Mama alifuta machozi ya kicheko, akamtazama bintiye, halafu akamgeukia shemeji yake. "Ezekia, nenda kabadilishe waya."

Wasichana walikuwa wawili tu katika darasa la watu thelathini na wanne. Sikudhani alikula maharage mpaka akayachukia. Buti zake zilipotoboka alizitia karatasi ndani, akaendelea. Mtihani akaupasua. Akafanya kazi chini ya fundi mzoefu mpaka akapata leseni yake mwenyewe.

Mwaka huo tajiri mmoja alikuwa akijenga kiwanda cha mbao nje ya mji, na mashine zake zilihitaji umeme wa njia tatu, ule mkubwa wa viwandani. Sikudhani akaenda kuomba kazi. Tajiri akatazama nyuma yake.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye unayezungumza naye, mzee."

Tajiri aliisoma leseni mara mbili. Kisha akafungua geti.

Ilikuwa kazi ya siku tisa, na mtu wa kwanza Sikudhani kumwita wafanye pamoja alikuwa Gadi. Siku ya kuwasha, wakaguzi walikuwa wamepima na kuridhika. Wapakiaji walijaa uani, malori yakiwa foleni. Sikudhani akapandisha swichi kubwa. Msumeno ukaguna, ukashika kasi, ukavuma, na gogo la kwanza likapasuka kama muwa. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Malipo ya siku zile tisa yalikaribia bei iliyouziwa miti yote ya lile shamba la misonobari.

Ezekia alikuwemo kwenye foleni. Alipanda juu ya lori lake akapaza sauti: "Huyo ni mtoto wa kaka yangu! Mimi nilitaka asome miezi mitatu! Waya mfupi haufiki taa, jamani, niulizeni mimi!"

Wapakiaji wakaidaka kauli ile, madereva wakaisambaza pamoja na mbao zao, Iringa, Dodoma, hadi pwani. Naye Gadi, Januari iliyofuata, akaingia chuo cha miaka miwili akiwa na mke na watoto wawili, nusu ya ada ikitoka mfukoni mwa Sikudhani. Leo ana leseni yake, na ndiye huyo fundi mkuu mliyemsikia asubuhi. Hakuwa akiwadhihaki wale vijana. Alikuwa akiwaonyesha njia: waya mfupi haufiki taa.