Mkunga Pimbi na Ua wa Mpakani

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama nao walikuwa na mafiga jikoni na mikeka barazani, wakiposa na kuposwa, na mikutano walikuwa nayo mingi kuliko hata mikeka.

Katika nchi yao alikuwepo Bi Pimbi, mama mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa miguu kama cheche ya moto. Kazi yake ilikuwa ukunga. Kifaru na ukubwa wake wote alipokewa na mikono ile midogo; Ngiri naye, Nyati naye. Siku hizo kitovu cha mtoto kikikatika kinachimbiwa ardhini, na pale kilipochimbiwa ndipo kwao mtu, hapana ubishi. Mwenye kuchimbia alikuwa Bi Pimbi, kwa kijembe chake, bila kusema na mtu.

Bi Pimbi alikuwa na binti mmoja tu, jina lake Mashavu. Huyu aliolewa ng'ambo ya korongo, nchi ya pili, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, miguu imevimba, siku zake zinahesabika. Alishatuma salamu kwamba mama asipokuwepo, yeye hazai.

Basi wiki hiyo hiyo Mzee Nyati, mwenyekiti wa nchi, akaitisha mkutano. Akasema majirani wa ng'ambo wanavuka korongo, wanakula majani yetu, wanakunywa maji ya bwawa letu, na ndama wao wanawafundisha ndama wetu kuwajibu wakubwa. Dawa yake ni ua. Ua wa nguzo na miiba, kutoka mwamba wa juu mpaka bwawani, usiopitisha hata sisimizi. Ukikamilika, aliye ndani ndani, aliye nje nje.

Kifaru akapiga mguu chini, pu! Akasema ua huo ungejengwa tangu juzi. Ngiri akaunga mkono upesi, maana yeye ndiye atakayechimba mashimo, na mchimba mashimo hulishwa. Pundamilia akauliza, je, mvua ikinyesha kwao na kwetu isinyeshe, tutakwenda wapi? Akazomewa. Akaambiwa kama anawapenda sana hao wa ng'ambo, avue mistari yake awapelekee.

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane. Akaomba kwa adabu aachiwe kijitundu, cha kupita yeye na kikapu chake tu, kwa kuwa binti yake yu karibu kujifungua.

"Bi Mkunga, nakuheshimu," akasema Nyati. "Lakini leo kijitundu cha pimbi, kesho twiga naye atadai chake. Mashavu ana wakwe zake. Watamshika."

Bi Pimbi akateremka jiweni. Alipofika nyumbani akachukua ungo, akapepeta mtama, pepe, pepe, pepe, na machozi yanadondokea humo humo. Ungo wa tatu machozi yakakauka. Ungo wa nne akatabasamu peke yake.

Kesho yake nguzo za kwanza zilikuwa zimekwisha simama. Bi Pimbi akawa wa kwanza kufika mkutanoni. Akasema amefikiri, ameona mzee ana haki, na kwamba ua mmoja ni kidogo, ujengwe wa safu mbili. Wale wakubwa wakashangaa, kisha wakampigia makofi.

"Ila jambo moja, wazee wangu," akasema. "Tukifunga ua na wageni wamo humu, si tutakuwa tumejifungia nao? Kila mmoja akaoneshwe kitovu chake. Ambaye chake kimechimbiwa ng'ambo, aende ng'ambo kabla jua halijachwa."

"Hayo ndiyo maneno ya mtu mzima," akasema Nyati.

Ikapitishwa papo hapo, kwato juu, pembe juu. Ndipo wakaulizana, na huyo wa kuonesha vitovu ni nani? Wote wakamgeukia yule mfupi. Aliyevichimbia alikuwa mmoja.

Bi Pimbi akajifunga kanga kiunoni, akatangulia. Wakaanza na Kifaru. Akateremka korongo, akapanda ng'ambo, tu tu tu tu, Kifaru nyuma anahema kama anavuta mzigo. Chini ya mgunga mmoja akasimama.

"Ni hapa, baba. Mama yako alikuwa akitoka kwa shangazi yako, uchungu ukamkuta njiani. Ulitanguliza miguu, kisha ukakataa kulia mpaka nikakuchapa matako."

Kifaru akaupapasa ule mgunga kwa pua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimsimulia habari ya yale makofi. Machozi yakamtoka, na zile hasira zake zote hakuna aliyejua zimeishia wapi.

Ngiri hakungoja zamu yake. Alisema mgongo unamuuma, mashimo yasubiri kwanza.

Ikawa zamu ya Nyati. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu kikubwa kando ya nyumba yake, akasimama juu yake.

"Changu kiko hapa. Mama aliniambia."

"Alikuambia, au alikuonesha?"

"Aliniambia."

Bi Pimbi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto mwenye homa. "Mama yako hakutaka ujisikie vibaya, mwanangu. Ulizaliwa mwaka wa kile kiangazi kikali. Huku hapakuwa na tone la maji. Alivuka korongo na tumbo lake, na hao hao majirani wakampa maji, wakampa na kitambaa cha kukufunikia. Twende nikuoneshe, ni mbali kidogo, na jua linashuka."

Nyati akatazama jua. Akatazama nyumba yake, wake zake, ndama wake kumi na mmoja wanaocheza uani. Akainamisha kichwa mpaka kwenye sikio la Bi Pimbi.

"Bi Mkunga, hapana namna ya kuacha mlango?"

Bi Pimbi akamzunguka, akazipima zile pembe kwa mikono yake, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, akapumzika, akaendelea.

"Mlango wa kupitisha pembe hizi, mzee, ukishakatwa, ua wenyewe utabaki wapi?"

Jioni hiyo Nyati akatangaza kwa sauti nzito kwamba mchwa wa mwaka huu ni wakali mno, nguzo hazitadumu, kwa hiyo ua umeahirishwa, na ile sheria ya vitovu imeahirishwa nao. Hakuna aliyeuliza swali. Kifaru akazing'oa nguzo, kila mmoja akaenda kwake na mzigo wa kuni.

Bi Pimbi hakungoja kuni. Alishavuka. Siku ya tatu Mashavu akajifungua salama mikononi mwa mama yake, mtoto wa kiume, mnene kama kibuyu. Mashavu alipokwisha kandwa kwa maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga, akauliza:

"Mama, kweli Mzee Nyati alizaliwa huku kwetu?"

"Kifaru ndiye aliyezaliwa huku," akasema Bi Pimbi, akimviringisha mtoto nguo. "Nyati, kitovu chake kiko pale pale kichuguuni. Nilikichimbia mwenyewe."

Mashavu akacheka mpaka akashika tumbo. Mama yake akamkanya kwamba mzazi hacheki hivyo, na huku yeye mwenyewe mabega yanamtikisika.

Hadithi yangu naitua hapo, wajukuu zangu: mwenye kutaka kumfungia mwenzake nje, na akumbuke kwanza ni nani waliompokea siku alipokuja duniani uchi.