Mstari Mweusi Chini ya Ghuba

Nisikilizeni, wenye masikio na wenye hasira, maana kesi hii mtaihukumu nyinyi.

Walikuwepo ndugu watatu wa ghuba ya Kiwamba. Shee, kaka mkubwa, alijua mahali maji yanapopumzika na tope kutua. Mwanaheri, wa kati, alikuwa na mkono usiotikisika. Mize, kitinda mimba, alikuwa na kichwa kigumu: hakuamini jambo mpaka alipinge, nalo likatae kupingika.

Mtambo wa nyuklia ng'ambo ya ghuba ulilipuka ukaungua, majivu yakaanguka baharini kutwa nzima. Meneja wake, Bwana Tawakali, akaja kijijini, akaketi mkekani, akala chaza mbele ya watu. Bahari ni salama, akasema, kuleni. Watu wakala. Rukia, mtoto wa Mize, alikula kuliko wote, kwa kuwa alipenda chaza. Ilipokuja kujulikana kwamba chaza wa meneja walitoka nchi nyingine, wamefungwa kwenye barafu, Rukia alikuwa ameshaugua saratani ya damu, akafa, akazikwa. Tangu hapo Mize alitaka kisasi, wala hakuona haya kukitaja.

Meneja akajitetea kwamba sumu, kama ipo, ni ya zamani, ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya mataifa makubwa. Ndugu wakaenda kuliuliza tope, maana tope hulala tabaka juu ya tabaka, la zamani chini, la juzi juu.

Shee aliwapitisha mbali na mchanga, maana mchanga haushiki sumu, akatia nanga penye tope laini. Angekosea, wangerudi na mchanga mtupu.

Mwanaheri alididimiza bomba refu linaloonyesha ndani, akalipandisha wima, polepole. Matabaka hayakuchanganyika, na katikati ukaonekana mstari mweusi wa majivu ya siku ile. Angetetereka kidogo, wangebaki na uji.

Mize alikata tope tabaka kwa tabaka, akalikausha, akalipima mionzi ndani ya kisanduku cha madini ya risasi kinachozuia mionzi ya nje. Kipimo kikapanda kwenye kila tabaka. Alifurahi. Kisha akajitilia shaka, akakiosha kisanduku, kumbe vumbi la mstari mweusi lilikuwa limeganda ndani. Aliumia kuitupa namba ile, akapima upya. Safari hii sumu ilijaa kwenye mstari mweusi. Katika tope la zamani chini yake, karibu hamna kitu. Angepeleka namba ya kwanza, meneja angesema, mnaona, hata tope la kale lina sumu, akaenda zake nyumbani.

Barazani, mbele ya wazee, namba zikasomwa na uongo wa meneja ukawa wazi. Mila ya Kiwamba ni kwamba aliyemfichua mwongo ndiye hutamka adhabu, na mdomo, yaani haki hiyo ya kutamka, ni mmoja tu. Shee anautaka, ili meneja afungwe maisha. Mwanaheri anautaka, ili meneja achote tope lile kwa mikono mpaka ghuba itakate. Mize ameweka mbele ya meneja sahani iliyofunikwa kawa, kifuniko cha ukili. Ndani mna chaza wa Kiwamba wa kumlisha.

"Mama, nina watoto," meneja akamwambia.

"Mimi nilikuwa naye mmoja," akajibu Mize. Akawageukia wazee. "Nipeni mdomo."

Wazee bado hawajautoa. Mkono wa Mize uko juu ya kawa.

Basi nyinyi mliosikia, mdomo ni wa nani kati ya hawa watatu? Na ukimpa Mize, utakaa hapo umtazame akifunua sahani? Je, wewe ungeamua vipi?